Somo: Mzinga wa sanduku wa viunzi, kwa vipimo vya nyuki wetu

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeomba vipimo vya mzinga wa mbao. Sanduku lenyewe fundi yeyote wa hapa Mwanza ataliunga. Kinachoharibu mizinga mingi ni viunzi, yaani zile fito za mbao zinazopangwa juu ya sanduku ili nyuki wajenge masega chini yake, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

1. Mbao. Chukua paina moja kwa kumi (inchi), iliyokauka, isiyotiwa dawa. Zile za rangi ya kijani za kupaulia ziache dukani. Dawa iliyomo ni sumu kwa nyuki.

2. Sanduku. Ndani liwe na urefu wa sentimita 90 na upana wa 44. Kina ni upana wa ubao wenyewe, kama 25. Sakafu ni mbao mbili zilizoungwa ubavu kwa ubavu. Piga randa kingo mpaka mwanga usipenye kwenye maungio. Upande mmoja mfupi, karibu na sakafu, toboa kwa keekee matundu 8 ya milimita 10.

3. Viunzi. Pasua 28, urefu sentimita 48, upana milimita 32. Ukitumia futi ya inchi, ni inchi moja na robo. Msikubali fundi akadirie! Nyuki wetu huacha takriban milimita 32 kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya linalofuata. Wa Ulaya ni wakubwa zaidi, huacha kama 35, na ndiyo maana vipimo vya kuokota kwenye video za huko vinatuumiza. Kiunzi kikizidi upana, kila sega husogea kidogo, mwishowe linavuka na kushika kiunzi cha jirani. Siku ya kukagua unainua kimoja unavunja viwili, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki), na nyuki wanachachamaa.

Chini ya kila kiunzi, katikati, pitisha msumeno upate mfereji wa milimita 3, umimine nta. Nyuki wataanzia hapo na kufuata mstari. Nta iyeyushwe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji. Ikikaa motoni moja kwa moja huwaka.

4. Kifuniko. Fremu ya mbao na bati, lizidi kando zote ili mvua isiingie.

5. Kutundika. Tumia waya, mzinga uwe usawa wa kiuno, mlango usikabili upepo wa ziwani. Sugua ndani nta na majani ya mchaichai. Harufu yake inafanana na ile nyuki wanayoitumia kuwaita wenzao.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Sengerema: Mwalimu, siafu wamenihamishia kundi zima. Nifanye nini?
Jibu: Pole sana ndugu yangu. Paka waya grisi, uirudie kila inapokauka au kushika vumbi. Kisha fyeka nyasi na matawi yanayogusa mzinga, maana jani moja linawatosha kuwa daraja.

Mwanachama, Magu: Mbao moja kwa kumi sipati, nina moja kwa nane. Itafaa?
Jibu: Itafaa. Unga mbili, upunguze. Kina kinaweza kubadilika, upana wa kiunzi hapana.

Mwanachama, Igoma: Shikamoo mwalimu. Uani kwangu kuna mwembe mkubwa. Naweza kutundika hapo?
Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana. Nyuki hawa hulinda mzinga kwa ukali, na wakichokozwa humfukuza mtu mbali. Una watoto na majirani hapo. Tafuta shamba, angalau mita 200 kutoka kwenye nyumba, njia na mifugo.