Kabla ya Kuzuru Quito, Mji wa Kale Ubavuni mwa Pichincha

Anayekusudia kuzuru Quito, mji mkuu wa Ekuador, hana budi kufikiria pumzi zake kabla ya kufikiria kamera, kwa maana mji huo ulioasisiwa na Wahispania mwaka 1534, ubavuni mwa volkano ya Pichincha, uko takriban mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege uko bondeni upande wa mashariki, chini kidogo kuliko mji wenyewe, kwa hiyo mgeni hushuka akijiona mzima, kisha hufika hotelini akashangaa kwamba ngazi za ghorofa moja zimemwacha akihema na kichwa kimeanza kumgonga. Siku mbili za mwanzo ziwe za mwendo wa polepole, maji ya kutosha na chakula chepesi, bila pombe. Na mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Kwa sababu hiyo nashauri mlima uachwe mwishoni. Vibanda vya TelefériQo vinavyoning'inia kwenye nyaya humpandisha mtu hadi zaidi ya mita 3,900 katika dakika zisizotimia 20, kimo kinachopita kituo cha Horombo, ambacho wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hukifikia siku ya pili kwa miguu.

Siku za kuzoea zitumike katika mji wa kale, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1978. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, kwani mitaa ni ya mawe na ina miteremko mikali. Katika kanisa la La Compañía, ambalo ujenzi wake ulianza 1605 ukachukua takriban miaka 160, simama kwanza karibu na mlango hadi macho yaliyotoka juani yatulie. Ndipo utakapoona jinsi dhahabu ilivyotandazwa kutoka nguzo hadi dari, kazi ya mafundi wa Quito wakiwemo wenyeji wa Andes.

Jua la ikweta huunguza hata penye baridi, na mvua hupenda kunyesha alasiri, hivyo kofia na koti la mvua vikae mkobani pamoja. Fedha ni dola ya Marekani tangu 2000. Chukua noti ndogo, maana maduka mengi hukataa za 50 na 100. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe pamoja na pasipoti, kwa kuwa wasafiri watokao nchi zenye ugonjwa huo huweza kudaiwa wakionyeshe.