Kuhakiki na kupanga katuni za mashujaa za wiki nzima

Kila Jumatano katuni mpya za mashujaa hutoka Marekani, madukani na mtandaoni kwa siku moja. Kampuni ya DC ilijitenga ikahamia Jumanne mwaka 2020, kisha ikarejea Jumatano mwaka 2024, kwa hiyo sasa Marvel, DC na Image zote zinakukuta siku ile ile. Jumatano ya New York huanza wakati kwetu Mombasa ni saa moja asubuhi, au saa mbili wao wakiwa katika miezi ya baridi. Baada ya hapo mtandao hujaa orodha za bora na mbovu, na nyingi zinasimulia kisa tu: fulani kapigana, fulani kafufuka. Kisa msomaji atakisoma mwenyewe. Anachohitaji ni mtu aliyezitazama kurasa vizuri, akaweza kumwambia fedha zake aziweke wapi. Hivi ndivyo ninavyoifanya kazi hiyo.

Hatua ya 1: Chagua kabla hujalipa

Toleo la kawaida lina kurasa 20 hadi 22 za hadithi, na bei yake ni dola 3.99 au 4.99. Hata hiyo ya chini inapita shilingi 500 za Kenya, kwa hiyo matoleo matano yanakula zaidi ya shilingi 2,500 kwa wiki. Hakuna haja ya kununua yote. Mimi huchukua mawili ya mfululizo ninaoufuatilia, moja la mfululizo unaoanza, moja la shujaa nisiyemjali, na moja la kampuni nyingine mbali na zile mbili kubwa, Marvel na DC. Matano au sita yanatosha. Chini ya manne hakuna cha kupanga, na yakizidi kumi utaanza kusoma mbiombio.

Mwenye kulipia kwa mwezi Marvel Unlimited, huduma ya Marvel ya kusomea mtandaoni, hupata akiba kubwa ya matoleo kwa bei nafuu, ila mapya huingia humo yapata miezi mitatu baada ya kutoka madukani. Hilo si kosa. Panga wiki kama ilivyokufikia, lakini mstari wa kwanza wa orodha yako useme wazi kwamba ni matoleo ya miezi mitatu nyuma.

Skani za wizi ziache kabisa. Rangi zake mara nyingi zimefifia au zimechafuka, nawe unataka kumhukumu mtia rangi kwa kazi ambayo hujaiona kama alivyoiacha, tena bila kumlipa.

Hatua ya 2: Soma mara ya kwanza bila kuandika

Kila toleo lisome kwa kikao kimoja, kalamu ikiwa mbali. Usianze na unalolitamani zaidi, kwa sababu yote yatakayofuata yataonekana mabovu. Liweke katikati.

Ukisomea simu, zima ule mtindo wa kuonyesha paneli, yaani visanduku vya michoro, moja moja. Unasaidia macho, lakini unauvunja ukurasa, na ukurasa ndio kipimo anachofanyia kazi mchoraji. Yeye hupanga paneli ya mwisho ya ukurasa wa kulia ili ikufanye ufungue, kisha anakuwekea jambo zito upande wa pili. Ukiletewa kipande kimoja kimoja, mshtuko huo haupo. Pakija mchoro uliotandazwa kurasa mbili, igeuze simu ilale. Na kama unasoma ndani ya matatu kutoka Bamburi kwenda mjini, sawa, mara ya kwanza inaweza kufanyika humo. Ya pili ngoja ufike nyumbani.

Hatua ya 3: Soma mara ya pili bila maneno

Hapa ndipo uhakiki unapopatikana, na ndipo wengi wanaporuka. Pitia toleo lote tena, macho yakipita juu ya viputo vya maneno bila kuvisoma. Jiulize: naelewa nani yuko wapi? Naona nani ana hofu na nani anadanganya? Vita vikianza, najua ngumi imetoka upande gani na imemfikia nani? Kama huelewi kitu mpaka usome maneno, mwandishi anambeba mchoraji, au mchoraji hakupewa nafasi. Vyote viwili vinafaa kuandikwa.

Kisha tazama mpangilio wa paneli. Dave Gibbons alipochora Watchmen mwaka 1986 na 1987, kurasa nyingi alizigawa paneli tisa zilizo sawa, na usawa ule ukayapa matukio mwendo wa saa ya ukutani. Paneli moja ikipanuka, unajua kuna jambo. Hayden Sherman anafanya kinyume katika Absolute Wonder Woman, iliyoanza Oktoba 2024 kwa uandishi wa Kelly Thompson: paneli zinapinda, zinavunjika, zinafuata umbo la kilichomo ndani yake. Njia zote mbili ni nzuri. Swali ni kama mpangilio unasaidia hadithi au unajionyesha tu. Paneli za mshazari kila ukurasa, hata pale watu wawili wameketi wakinywa chai, ni dalili kwamba mchoraji anaogopa utachoka.

Rangi usizimalize kwa neno "nzuri". Angalia kama zinatenganisha mahali na mahali, saa na saa. Jordie Bellaire, mtia rangi wa hiyo Absolute Wonder Woman, anastahili sentensi yake katika uhakiki wowote wa katuni ile, sawa na mwandishi. Mtia herufi naye, anayeyapanga maneno ndani ya viputo: kiputo kikifunika uso, au ukajikuta unasoma jibu kabla ya swali, hilo limevuruga ukurasa. Majina yao wote yameorodheshwa ndani ya toleo. Yaandike. Inaniudhi sana kuona kazi ya watu watano au sita inapewa jina la mwandishi peke yake.

Hatua ya 4: Weka kando mapenzi ya shujaa

Kwetu huku Storm, shujaa wa kundi la X-Men, ana mashabiki wengi, na sababu ipo: Marvel ilimpa mama Mkenya, N'Dare, na tangu mwaka 1975 alipotokea mara ya kwanza katika Giant-Size X-Men amehusishwa na ardhi yetu. Oktoba 2024 alipata mfululizo wake wa kila mwezi, ukiandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, na kuchorwa na Lucas Werneck. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini furaha hiyo haimpi nafasi ya kwanza. Chukua kurasa tatu za katikati, jiulize kama ungezisifu zingekuwa za shujaa usiyemjua jina. Fanya vivyo hivyo kwa shujaa unayemchukia, maana chuki inapotosha zaidi kuliko mapenzi.

Hatua ya 5: Panga kwa jozi

Achana na alama kumi juu ya kumi. Baada ya wiki chache kila kitu hupata saba na nusu, na nambari hiyo haimwambii mtu lolote. Chukua matoleo mawili, uliza swali moja: mwenye fedha za toleo moja tu anunue lipi? Linaloshinda lilinganishe na la tatu, na kuendelea, mpaka kila moja limepata mahali pake.

Katika kulinganisha, kila toleo lipime kwa kazi yake. Toleo la kwanza la Absolute Batman lilikuwa na mzigo wa kutujulisha Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, asiye na utajiri, na mji wake wa Gotham. Toleo la nne la mfululizo wowote halina mzigo huo. Lake ni kusogeza mambo. Moja likitimiza kazi yake na jingine halikutimiza, umepata jibu. Yakitimiza yote mawili, mimi hutanguliza lile lenye ukurasa niliorudi kuutazama bila kulazimika.

Toleo linalokudai ununue mengine matatu ili ulielewe, kama yanavyofanya mengi ya zile hadithi kubwa zinazopita katika mifululizo kumi kwa pamoja, lishushe. Msomaji amelipia kurasa 20, apate kitu ndani ya hizo 20.

Orodha ikishakuwa tayari, ipeleke barazani. Mtafute mtu asiyesoma katuni kabisa, muoneshe la kwanza na la pili. Vijana wa kwetu hawana simile: "Ami, hebu niambie, hili limelipitaje lile?" Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja, rudi nyumbani uyasome tena hayo mawili.

Hatua ya 6: Andika

Maneno 120 hadi 150 kwa kila toleo. Sentensi mbili za kisa zinatosha, na zisivuke kurasa za mwanzo ambazo kampuni yenyewe huzionyesha bure kabla ya Jumatano. Kifo, usaliti na sura iliyofichuliwa ukurasa wa mwisho, viache. Zinazobaki zote ziwe za ushahidi. "Michoro ni mizuri sana" haisaidii mtu. "Ukurasa wa 14 hauna neno hata moja, na ndipo nilipojua ndugu hawa hawatapatana" inasaidia, maana msomaji anaweza kwenda kuuangalia akabishana nawe.

Ukitaka kuonyesha picha, paneli moja inatosha.

La mwisho katika orodha liandikie kwa uangalifu kuliko yote. Taja ukurasa lilipoanza kupotea na kilichokosekana hapo, kisha tafuta jambo moja ndani yake lililofanywa vizuri, ulitaje pamoja na jina la aliyelifanya. Mara nyingi atakuwa mtia rangi.