Leseni ya Kuhudumia Wagonjwa Nyumbani Minnesota: Jinsi ya Kuomba, na Tarehe Zilizonigharimu

Tangu nipate leseni kamili, haipiti wiki kabla dada au kaka fulani wa hapa Brooklyn Park hajanipigia simu kuuliza afanyeje naye afungue kampuni yake. Wengi wetu tumeifanya kazi hii miaka mingi chini ya waajiri wengine. Tumeogesha wazee, tumewageuza vitandani usiku wa manane, tumewashika mkono wakikata roho. Kazi tunaijua. Kinachotuangusha ni tarehe. Mimi zilinigharimu dola elfu moja taslimu na miezi mitatu ya kukosa usingizi, ndiyo maana naandika.

Kwanza jua unaomba leseni ipi. Idara ya Afya ya Minnesota inatoa leseni za aina mbili chini ya sura ya 144A ya sheria za jimbo. Leseni ya msingi inakuruhusu kuvisha, kuogesha, kusaidia chooni, kusimama karibu na mteja anapotembea, kupika na kusafisha. Leseni pana inaongeza uuguzi, usimamizi wa dawa, kumhamisha mteja kwa mikono kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kazi zote ambazo muuguzi anamkabidhi mhudumu. Mpaka kati ya hizo mbili ni mwembamba. Kumkumbusha mama kwamba saa ya dawa imefika na kumletea kichupa chake ni huduma ya msingi. Kumpangia vidonge kwenye kisanduku cha wiki tayari ni leseni pana, na leseni pana haiendeshwi bila muuguzi aliyesajiliwa. Nilipoomba mimi, ada ya msingi ilikuwa dola 2,100 na ya pana dola 4,200.

Na kama nia yako ni kukodi nyumba na kuwaweka wazee humo, hii siyo leseni yako. Tangu tarehe 1 Agosti 2021, makazi ya wazee yanayotoa huduma yana leseni yake chini ya sura ya 144G, yenye masharti mengine kabisa.

Kusajili kampuni, namba ya kodi, akaunti ya benki na bima ya fidia kwa wafanyakazi sitavieleza, hayo unayajua. Nitasema tu kuhusu majina. Uchunguzi wa historia ya jinai unafanywa kupitia mfumo wa jimbo uitwao NETStudy 2.0, na mtu anakwenda kupigwa alama za vidole. Sisi wenye majina matatu, pasipoti ikisema hivi na leseni ya udereva ikisema vile, linganisha hati zako kabla hujajaza chochote. Wamiliki na wasimamizi nao huchunguzwa. Mfanyakazi akikwambia "mimi nilishapita kule nilikokuwa", mwingize kwenye mfumo kwa jina la kampuni yako hata hivyo. Usimwache peke yake na mteja mpaka barua inayokuruhusu iwe ndani ya faili.

Sasa kanuni za ndani za kampuni. Utatakiwa uwe na utaratibu ulioandikwa wa dawa, malalamiko, dharura, kuzuia maambukizi na kuripoti unyanyasaji wa watu wazima wasioweza kujilinda. Nilinunua jalada zima kutoka kwa mshauri mmoja, limechapwa vizuri na jina la kampuni yangu liko kila ukurasa. Nilipokuja kulisoma kwa utulivu, nilikuta limenukuu sheria ya jimbo lingine na kutaja fomu ambazo Minnesota haina. Niliandika upya karibu nusu yake. Usikubali kuweka kabatini karatasi ambayo hujaisoma mwenyewe. Mkaguzi atasoma ulichoandika, kisha atatazama kama ndicho unachofanya. Ukiandika kwamba unakagua kila mhudumu kila mwezi, atakuomba kumbukumbu za kila mwezi, hata kama sheria haikudai hivyo.

Ombi likikubaliwa, unapewa leseni ya muda. Hapa ndipo watu wengi wanasherehekea na kupiga picha, nami nilifanya hivyo. Leseni ya muda inadumu mwaka mmoja tu, na mwaka unaanza kuhesabiwa hata kama huna mteja hata mmoja. Usipomhudumia mtu ndani ya mwaka huo, inakufa, na unaomba upya kwa ada mpya. Mimi nilikaa miezi minane bila mteja. Nilizunguka makanisani, nikaacha kadi kwa wanaoshughulikia wagonjwa wanaoruhusiwa kutoka hospitalini, nikawa nalipa bima na kodi ya ofisi kwa akiba yangu. Kwa hiyo mtafute muuguzi na uanze mazungumzo na wateja kabla ya kutuma ombi.

Mteja wangu wa kwanza alipatikana Ijumaa jioni, mama mzee aliyetoka hospitalini baada ya kuvunjika nyonga. Jumamosi asubuhi mhudumu wangu alikuwa nyumbani kwake. Sheria inasema ndani ya siku 5 tangu kuanza huduma lazima uiarifu Idara kwamba sasa una mteja. Nilidhani siku hizo zinaanza mpango wa huduma ukishatiwa sahihi, na sahihi tuliipata siku ya tisa, binti yake aliporudi safari. Zinahesabiwa tangu siku ile ya kwanza mhudumu anapomgusa mteja. Faini ya kuchelewa ni dola 1,000, na niliilipa. Tayarisha taarifa hiyo mapema, ibaki kujaza tarehe tu.

Baada ya taarifa, ukaguzi unakuja ndani ya siku 90. Kwa mwenye leseni pana, hizi ndizo tarehe zilizomo kwenye kila faili la mteja. Kabla ya kuanza, mteja anapewa maelezo ya huduma zako na Hati ya Haki za Mteja, na anatia sahihi kwamba amezipokea. Muuguzi aliyesajiliwa anamwona ana kwa ana na kumfanyia tathmini ndani ya siku 5. Anamtathmini tena ndani ya siku 14, na kabla ya siku hizo 14 kwisha mpango wa huduma uwe umekamilika na umetiwa sahihi na pande mbili. Baada ya hapo, tathmini isipite siku 90 tangu ile iliyotangulia. Faili langu lilionyesha tathmini ya pili siku ya 17. Muuguzi alikuwa na theluji na zamu yake nyingine, nami sikuwa na wa kumshikia nafasi. Weka muuguzi wa pili, hata wa kuitwa kwa saa, kabla hujamchukua mteja yeyote.

Faili za wafanyakazi zina mtego ambao sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tunaujua miilini mwetu. Kila mhudumu anapoanza anahitaji uchunguzi wa kifua kikuu: maswali ya dalili, kisha kipimo cha ngozi cha hatua mbili au kipimo kimoja cha damu. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe bila ugonjwa. Wahudumu wangu wawili walivimba mkono, wakatumwa eksirei, wakakaa nyumbani bila mshahara wakisubiri majibu. Kipimo cha damu hakiathiriwi na BCG. Ni ghali zaidi siku hiyo, lakini ningelipa tangu mwanzo kuliko kuwaona mama wawili wanaotegemewa Kisii wakipoteza wiki mbili.

Mkaguzi alikuja bila kutangaza, naye ni muuguzi. Aliomba orodha ya wateja na wafanyakazi, akachagua mwenyewe faili za kusoma, kisha akasema twende kwa mteja. Tuliketi jikoni kwa yule mama. Mhudumu wangu alinawa mikono, akafungua kisanduku cha dawa kwenye Jumanne asubuhi, akahesabu vidonge, akalinganisha na karatasi, akampa mama maji na kungoja ameze. Alifanya vizuri mno, nikajisikia fahari. Mkaguzi akaniuliza kwa upole, "Muuguzi alimwona akifanya hivi lini kwa mara ya kwanza?" Muuguzi alimfundisha kweli, nilikuwepo. Lakini mafunzo hayakuandikwa. Mhudumu asiye na leseni anayetoa dawa lazima afundishwe na muuguzi aliyesajiliwa, aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza, na hilo liandikwe kwa tarehe na sahihi kabla hajampa mteja kidonge cha kwanza. Kazi nzuri isiyoandikwa haikuhesabika, na sidhani alikosea. Yule mama hana njia nyingine ya kujua kwamba mkono unaompa dawa ulipimwa.

Ukionekana hujatimiza sheria kwa kiwango kinachotosha, Idara inaweza kukunyima leseni kamili, au kukuongezea leseni ya muda kwa siku zisizozidi 90 ikiwa na masharti. Mimi niliongezewa. Siku zile nilikaa na muuguzi kila Jumatano jioni, tukafungua kila faili ukurasa kwa ukurasa. Nilitengeneza karatasi moja ya kubandika ndani ya jalada la kila mteja yenye tarehe nne: kuanza, siku ya 5, siku ya 14, siku ya 90. Kwa kila mfanyakazi nina karatasi yenye tarehe za uchunguzi wa jinai, kifua kikuu, mafunzo ya kuanzia, umahiri uliothibitishwa na muuguzi, na saa 8 za mafunzo za kila miezi 12. Hazijatoka kwenye majalada mpaka leo.

Leseni kamili inafanywa upya kila mwaka, na ukaguzi unarudi angalau mara moja kila miaka mitatu. Faini za makosa ya baadaye zinaanzia dola 500 na kupanda hadi 3,000 na 5,000 kulingana na madhara aliyopata mteja au ambayo angeweza kuyapata.

Na kuhusu malipo: leseni hii peke yake haikupi haki ya kulipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Kwa hilo unajiandikisha kando kwa Idara ya Huduma za Kijamii ya jimbo, kwa fomu zake na uchunguzi wake. Kabla mhudumu hajavuka kizingiti cha mteja wa kwanza, uliza ni nani anayelipa, na upate jibu hilo kwa maandishi.