Somo: Kukimbia mbio za barabarani siku ya joto kali

Swali la «ninywe maji lita ngapi?» limeulizwa mara nyingi mno, na jibu langu halijabadilika: maji hayaponyi mwendo usiofaa. Naweka mpangilio wote hapa ili siku nyingine nimwelekeze muulizaji huku.

Hatua ya 1. Zoesha mwili. Kimbia taratibu kwenye joto kwa siku 10 hadi 14. Majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua.

Hatua ya 2. Vaa nguo nyepesi zilizolegea, wala usijaribu viatu vipya siku hiyo.

Hatua ya 3. Mwenye homa au anayeharisha asikimbie.

Hatua ya 4. Mwendo. Sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli, takribani robo tatu au zaidi, huishia kuwa joto, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo joto hilo linavyozidi. Tegemeo kuu la kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa ikijaa unyevu jasho hudondoka tu bila kukupoza. Wakati huohuo ngozi inadai damu ya kupooza mwili na misuli inadai damu ya kukimbilia, ilhali moyo ni mmoja. Kwa hiyo muda uliojipangia kwa siku ya baridi ufute kabla ya kufika mstari wa kuanzia, kisha ukimbie kilomita za mwanzo kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi nzima bila kuhema. Onyo: kilomita hizo hudanganya, kwa sababu joto la ndani hupanda polepole na utajiona una nguvu za ziada. Onyo jingine: ukisikia baridi juani, kizunguzungu au kichefuchefu, simama; usijiambie kwamba zimebaki kilomita mbili tu. Katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa joto, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hao ndio mabingwa.

Hatua ya 5. Kunywa unapoona kiu, na ujimwagie maji kichwani na shingoni.

MASWALI

— Mwalimu, somo zuri, ila hujataja ni lita ngapi.

Hatua ya 5.

— Nina mbio za kilomita 21 kesho na sijawahi kufanya mazoezi kwenye joto. Nikimeza ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, mapema nitavumilia?

Hapana. Dawa hiyo inaweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji. Hatua ya 1 inataka siku 10, nawe una usiku mmoja. Tembea au uahirishe.

— Samahani kwa kurudi kwenye maji: mtu akinywa mengi kwa tahadhari tu, pana ubaya gani?

Usiombe samahani, ndugu yangu, hili linastahili kuulizwa. Maji yakizidi, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) katika damu hushuka, ubongo unaweza kuvimba na mtu akafa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo 1 iliyopungua ni takribani lita 1 ya jasho, na ukirudi na uzito ulioongezeka, umekunywa kupita kiasi.

— Tulimwona mwenzetu akiyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, tukamkimbiza hospitali kwa gari. Tulikosea?

Kutafuta hospitali hamkukosea, ila kupoza hutangulia kusafirisha. Anayechanganyikiwa baada ya kukimbia kwenye joto mchukulieni kuwa amepatwa na kiharusi cha joto, yaani joto la mwili limepanda hadi kuvuruga ubongo, si kiharusi cha kupooza: iteni msaada, mzamisheni mwili katika maji yenye barafu huku mmeshika kichwa chake kisizame, au mmwagieni maji baridi mfululizo mkimpepea. Msimnyweshe kitu.

— Nikijimwagia maji, viatu vinalowa na malengelenge yananitoka.

Punguza mwendo na uiname mbele unapojimwagia, maji yadondoke barabarani badala ya kufuata miguu. Soksi za pamba pia ziache, kwani hushika maji. Na mapajani pakaa mafuta ya mgando kabla ya kuanza.