Skripti yako ya sheli inapokea maneno ya watu? Ziba huo mwanya leo

Skripti ikishaanza kupokea kitu kutoka kwa yuza, iwe jina la faili, namba ama maneno yaliyotoka kwenye fomu ya tovuti, ujue hapo unacheza na moto, maana kazi ya sheli ni kugeuza maandishi kuwa amri na ikipewa maandishi ya mtu mwingine iyasome kama amri itayatekeleza tu bila kuuliza.

Anza kwa kutafuta kila penye eval, sh -c, bash -c na ssh (hii ya mwisho ndo inaendesha amri kwenye mashine nyingine kupitia mtandao). Hizo ndo hatari kuliko zote kwa sababu zinasoma maandishi upya kama kodi. Angalia hii:

eval "ping -c 1 $host"

Mtu akiandika 8.8.8.8; rm -rf ~ basi ping inaisha afu rm (amri ya kufuta) inafuata, na vitu vyako vimekwenda. Toa eval kabisa, andika:

ping -c 1 -- "$host"

Hapo $host inabaki kuwa neno moja tu. Ile -- inaiambia amri kwamba opsheni zimeisha, bila hiyo mtu akikupa jina linaloanza na kistari litasomwa kama opsheni na nukuu hazitakuokoa.

Wengi wanadhani nukta mkato (;) ndani ya variabo isiyo na nukuu inatekelezwa yenyewe, hapana. Ukiandika rm $faili sheli inakata neno kwenye nafasi na kupanua nyota, kwa hiyo yuza akiandika * tu faili zote za kwenye folda zinafutwa, haikuhitaji hata ujanja. Weka nukuu mbili kila mahali, usichague.

Kwenye ssh kuwa makini zaidi, maana maneno yote yanaunganishwa kuwa mstari mmoja na sheli ya upande wa pili inausoma upya, sasa nukuu zako za huku hazifiki kule. Mi napendelea kupitisha data kwa paipu:

printf '%s\n' "$faili" | ssh seva 'IFS= read -r f; rm -- "$f"'

Na find, amri ya kutafuta faili, ni hivo hivo, usiweke {} (jina la faili iliyopatikana) ndani ya maandishi ya sh -c, ipitishe nje: -exec sh -c 'wc -l -- "$1"' _ {} \;

Kuna moja inawapita hata wazoefu. Kwenye Bash, [[ $umri -eq 18 ]] inapiga hesabu, na yuza akiandika a[$(id)] ile id inatekelezwa kweli, hata ukiweka nukuu. Kwa hiyo kagua kwanza:

case $umri in
  ''|*[!0-9]*) echo "andika namba tu" >&2; exit 1 ;;
esac

Ona hapa tunataja kinachoruhusiwa, hatuhangaiki kuorodhesha alama mbaya, maana ukianza kufuta alama moja moja lazima utasahau nyingine.

Pitisha skripti kwenye ShellCheck, zana ya kukagua skripti za sheli, itakuonyesha variabo zisizo na nukuu (SC2086) ila haikamati yote. Kwa hiyo jaribu mwenyewe, ingiza x; touch /tmp/imepita (touch inatengeneza faili tupu), afu $(touch /tmp/imepita), afu a[$(touch /tmp/imepita)], na kila mara angalia ndani ya /tmp, kwenye mashine ya mbali pia. Ukikuta hiyo faili, mwanya bado upo na skripti isiguse sudo (mamlaka ya msimamizi) kwanza.