Terminali, skripti na Git kwa vitendo: somo la mara moja, nisiulizwe tena

Wakuu, hili naliandika mara moja tu. Tangu mwezi uanze nimejibu "nianzie wapi na terminali" mpaka vidole vimeota sugu. Kuanzia leo ukiuliza nakuelekeza huku. Kaa mbele ya mashine, andika kila amri kwa mkono. Ukinakili na kubandika utakuwa umejifunza kubandika.

Hatua ya 1: Pata terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Linux bonyeza Ctrl+Alt+T. Mac fungua Terminal. Windows fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install` (inaweka Linux ndani ya Windows), kisha washa mashine upya. Huna kompyuta? Weka Termux, programu ya terminali, kwenye simu ya Android, ile ya duka la F-Droid, kisha `pkg install git nano`. Hapo huna kisingizio.

Hatua ya 2: Tembea. `pwd` uko wapi, `ls` kuna nini, `cd` hamia, `mkdir` tengeneza folda. Tengeneza `~/mazoezi` (`~` ni folda yako ya nyumbani, sawa na `$HOME`), ingia humo, ukae humo hadi somo liishe. Tumia kitufe cha Tab kumalizia majina.

Hatua ya 3: Faili. `cat` kusoma, `cp` kunakili, `mv` kuhamisha au kubadili jina. `mv` ikikuta faili lenye jina hilohilo inalifuta bila kukuuliza, kwa hiyo zoea `mv -i`.

Hatua ya 4: Skripti ya kwanza, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mpigo; hii inatoa nakala ya `mazoezi` yenye tarehe ya leo. Andika `nano hifadhi.sh` (nano ni kihariri cha maandishi), kisha:

```
#!/bin/bash
set -u
CHANZO="$HOME/mazoezi"
TAREHE=$(date +%F)
cp -r "$CHANZO" "$HOME/nakala-$TAREHE"
```

Hakuna nafasi kabla wala baada ya alama ya `=`. Hifadhi, toka, ipe ruhusa kwa `chmod +x hifadhi.sh`, iendeshe kwa `./hifadhi.sh`. Ile `./` ni lazima, maana bash, programu inayosoma amri zako, haitafuti programu kwenye folda uliyomo mpaka uiambie.

Hatua ya 5: Alama za nukuu. Hapa mtu asiruke.

Nilikuwa na stesheneri ndogo: kuchapa, kutoa kopi, barua za maombi ya kazi. Wateja wanaleta flashi, mafaili yao nayaweka kwenye folda inayoitwa `Kazi za Wateja`. Jioni natakiwa kuyafuta. Nikaona niwe mjanja, nikaandika skripti (`rm -rf` inafuta faili na folda bila kuuliza):

```
FOLDA="$HOME/Kazi za Wateja"
rm -rf $FOLDA/*
```

Mstari wa kwanza una nukuu, wa pili hauna. Bash ikakuta nafasi ndani ya jina, ikalikata vipande vitatu: `$HOME/Kazi`, halafu `za`, halafu `Wateja/*`. Sasa, mimi pia nilikuwa na folda inaitwa `Kazi`: violezo vyangu vyote vya barua, kadi za mialiko, ratiba za shule, kazi ya miaka miwili. Ikaondoka yote. Vile vipande viwili havikuwepo, lakini `-f` maana yake ni nyamaza, kwa hiyo sikuona kosa hata moja. Nikafunga duka nikiwa na furaha. Asubuhi mafaili ya wateja nikayakuta pale pale, hata moja halijaguswa. Yaliyofutika ni yangu peke yangu.

Kwa hiyo:
- Andika `"$FOLDA"/*`, nukuu zikizunguka jina, nyota ikiwa nje.
- Nukuu hazikusaidii ukikosea herufi. `rm -rf "$FLODA"/*` inageuka kuwa `rm -rf /*`. Hapo ndipo `set -u` inafanya kazi: ikikuta jina lisilowahi kupewa thamani, skripti inasimama.
- Kabla ya kuweka `rm`, weka `ls -d` mahali pake uone nini kingeguswa.
- `rm` haina kapu la taka. Ukifuta umefuta.

Hatua ya 6: Git. Linus Torvalds aliianza mwaka 2005 kwa ajili ya kusimamia msimbo wa Linux. Kwako wewe kazi yake ni kukumbuka: kila hali ya mafaili unayoihifadhi ndani yake inaitwa komiti. Kwanza jitambulishe:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua@mfano.com"
```

Kisha ndani ya `~/mazoezi`: `git init`, `git add hifadhi.sh`, `git commit -m "Skripti ya kwanza"`. Badilisha mstari mmoja, angalia `git diff`, ongeza tena, weka komiti tena, soma `git log --oneline`. Sasa fanya makusudi: `rm hifadhi.sh`. Tulia. `git restore hifadhi.sh`. Limerudi. Rudia mara tatu mpaka woga uishe. (Git ya kabla ya 2019 haina `restore`, tumia `git checkout -- hifadhi.sh`.)

Onyo moja: usiweke nywila kwenye komiti. Ukiifuta kesho, komiti ya jana bado inayo. Ikishatoka nje, badilisha nywila yenyewe.

---

Chapati_Mbili: Mkuu mbona inaandika Permission denied?

Mwandishi: Hatua ya 4, `chmod`.

Kijana_Mtulivu: Yangu inakataa, naomba msaada wa haraka.

Mwandishi: Inakataa inasemaje?

Kijana_Mtulivu: Inaleta error tu.

Mwandishi: Ndugu yangu, mimi si mganga. Bandika maneno yote kama yalivyo.

Kijana_Mtulivu: bad interpreter: /bin/bash^M: no such file or directory

Mwandishi: Haya, hapo tunaongea. Uliandika kwa Notepad ya Windows, siyo nano. Windows inamaliza kila mstari kwa herufi moja ya ziada, ndiyo hiyo `^M`. Isafishe: `sed -i 's/\r$//' hifadhi.sh`.

Shemeji_wa_Data: Hili somo linatisha watu bure. Natumia rm -rf kila siku na sijawahi kupoteza kitu.

Mwandishi: Hata mimi sikuwahi, mpaka ile jioni. Nimeandika yaliyonikuta, asiyetaka aruke.

Mama_Binary: Samahani kaka, nimeendesha skripti mara mbili leo. Ya pili sikupata nakala mpya, nimekuta folda ya mazoezi ndani ya nakala ya asubuhi. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Dada, hujakosea, umeona kitu ambacho wengi hawakioni. `cp -r` ikikuta folda unakopeleka haipo, inaiumba. Ikikuta ipo, inaingiza ndani yake. Asubuhi haikuwepo, mchana ipo. Dawa nyepesi ni kuweka na saa: `TAREHE=$(date +%F-%H%M)`. Ukiendesha mara mbili ndani ya dakika moja litajirudia, basi ongeza `%S`. Jaribu, ulete majibu.

Mama_Binary: Imekubali! Na kabla ya rm, si ningetumia `echo` badala ya `ls -d`?

Mwandishi: Swali zuri sana. `echo` ingenidanganya siku ile. Vile vipande vitatu ingevichapa vikiwa vimetenganishwa na nafasi, nami ningesoma `Kazi za Wateja` kama kawaida. Tumia `printf '<%s>\n' $FOLDA/*`. Kila kipande kinatoka kwenye mabano yake, mkato unauona kwa macho.

Chapati_Mbili: GitHub, ile tovuti ya kuweka kazi za Git, inakataa nywila yangu na ni sahihi kabisa.

Mwandishi: Waliacha kupokea nywila kwenye Git tangu tarehe 13 Agosti 2021. Tengeneza tokeni ya kutumia badala ya nywila, au ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Kwenye GitHub nakili ile yenye `.pub` tu.

Fundi_Simu: Wa Termux: msiweke skripti kwenye sdcard, `chmod` haitashika. Ikae kwenye home ya Termux, au uiite kwa `bash hifadhi.sh`. Na wenye bando la kuunga, `git clone --depth 1` inashusha komiti ya mwisho tu badala ya historia yote.

Mwandishi: Hiyo ya bando sikuikumbuka, asante fundi.

Kijana_Mtulivu: Nimeandika git commit bila -m, imefunguka skrini ina alama za ~ tupu, haitoki. Nizime mashine?

Mwandishi: Usizime. Hiyo ni vim, kihariri kingine cha maandishi. Esc, kisha `:q!`, kisha Enter. Halafu `git config --global core.editor nano`.