SOMO: Mashua moja inavyoharibu masafa ya daftari la mizani

Kila mwisho wa mwezi swali ni lilelile: "Mbona masafa yetu (yaani tofauti ya kilo kubwa na ndogo) yamepanda ghafla na wavuvi wanasema bahari ni ya kawaida?" Naliandika hapa mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo. Nawalenga mnaoshika daftari la mizani, yaani la kilo za samaki wa kila mashua, Malindi na Mayungu, ila hesabu haibadiliki hata ukipima kitu kingine.

Hatua ya 1. Panga kilo kuanzia ndogo hadi kubwa.

Hatua ya 2. Kubwa toa ndogo. Mashua tisa: 14, 17, 18, 20, 21, 22, 24, 26, 29. Masafa ni 29 − 14 = 15.

Hatua ya 3. Ongeza ya kumi, iliyobahatika jodari ikapima kilo 96. Masafa yanaruka hadi 82, na zile tisa hazijabadilika hata kidogo. Masafa huangalia namba mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Zote za katikati hayazioni.

Hatua ya 4. Pima nusu ya kati. Gawa orodha ya kumi mara mbili, tano tano, uchukue namba ya kati ya kila upande: 18 na 26. Tofauti ni 8. Kwa zile tisa (acha 21 ya katikati, ubaki na nne nne) ni 17.5 na 25, tofauti 7.5. Basi masafa yametoka 15 hadi 82, nusu ya kati imetoka 7.5 hadi 8.

Hatua ya 5. Weka mipaka. Zidisha 8 kwa 1.5 upate 12. Mpaka wa chini 18 − 12 = 6, wa juu 26 + 12 = 38. Iliyo nje ya hapo imejitenga. Kanuni hii ni ya Mmarekani John Tukey.

Hatua ya 6. HAPA NDIPO WENGI WANAPOHARIBU. Mipaka inakuambia ni namba gani ya kuchunguza, haikupi ruhusa ya kufuta. Rudi kwenye karatasi ya asili kwanza. Kama mtu aliandika 184 badala ya 18.4, sahihisha na utie sahihi pembeni. Kama ni mashua ya jarife (wavu mkubwa) imechanganywa na mitumbwi ya mshipi, itenge, uwe na orodha mbili. Kama samaki kweli walipimwa, namba inabaki, hata ikikuudhi. Ukiifuta umeficha siku bora ya mvuvi, na anayesoma ripoti ataamini hakuna anayepata zaidi ya 29. Andika hivi: "Masafa 82 (bila mashua moja ya kilo 96, masafa 15); nusu ya kati 8." Usiandike 15 peke yake. Wala usiandike 82 peke yake.

MASWALI

Ngalawa22: Maalim sijasoma yote, niko mbioni. Hiyo 96 nafuta ama naacha?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Karani_Mpya: Umekosea. Kompyuta yangu inatoa 7, wewe umeandika 8.

Mwandishi: Sijakosea, wala kompyuta haijakosea. QUARTILE, fomula ya robo katika Excel, inakadiria kati ya namba mbili jirani, ndiyo maana inatoa 18.5 na 25.5. Mimi nimegawa kwa mkono. Njia zote mbili zinakubalika, mradi utaje uliyotumia na usiibadilishe katikati ya mwaka.

Bi_Kaskazi: Shukran sana. Kaskazi tuna safari 40, kusi 10. Nikilinganisha masafa ya misimu hiyo nitakuwa nimetenda haki?

Mwandishi: Dada, swali zuri mno. Hutakuwa umetenda haki. Ukiongeza safari, masafa hubaki palepale au hupanda, hayashuki kamwe. Kwa hiyo kaskazi huenda ikaonekana imetawanyika zaidi hata kama uvuvi ni uleule, kwa sababu tu safari ni nyingi. Linganisha nusu ya kati. Ukilazimika kutumia masafa, chagua safari 10 za kaskazi kwa kura, na uiandike idadi kando ya jibu.

Bi_Kaskazi: Na mchepuko wastani (kipimo cha namba zilivyo mbali na wastani) je? Si unatumia namba zote?

Mwandishi: Unazitumia zote, na bado unavutwa. Kwa mashua tisa ni kama 4.7, ukiongeza 96 unafika 24 hivi. Wastani wenyewe unatoka 21.2 hadi 28.7, na mashua nane kati ya kumi zinabaki chini yake.

Ngalawa22: Nimesoma sasa. Yangu masafa yametoka madogo kuliko ya daftari. Kwa nini?

Mwandishi: Angalia kama umeandika "96kg" ndani ya kisanduku. Excel inalichukua kama neno na kuliruka. Weka namba tupu, "kilo" iende kwenye kichwa cha safu.

Mshipi_Mrefu: Na aliyerudi mikono mitupu aandikwe 0. Ambaye hakutoka, kisanduku kiachwe wazi. Kwetu watu wanaweka 0 kote.

Mwandishi: Naam, na hiyo 0 ya uongo huwa ndiyo namba ndogo ya orodha. Excel ikikuta kisanduku kitupu hukiruka. Ikikuta 0 huihesabu.